Spana Kumi Amesoma

Asubuhi hiyo Injini Baridi aliwasalimu wanachama kama kawaida, ingawa alikuwa kaburini tangu mwaka juzi.

"Habari za gereji, wakuu? Nani kashika spana leo?"

Maneno hayo aliyaandika mkewe, fundi cherehani, kwenye kompyuta iliyokaa juu ya meza ya kukatia vitambaa mle gerejini, katikati ya sare za shule ambazo hazijatiwa vifungo. Neno la siri alilijua. Marehemu hakuwahi kumficha kitu, isipokuwa bei ya vipuri.

Jukwaa hilo la mtandaoni lilikuwa la watu wanaojiundia magari ya mbio nyumbani. Unaagiza vipande, vinakuja kwenye makreti, kisha unaunga na kuungua mpaka mkeo akuchoke. Marehemu ndiye aliyelianzisha na kulisimamia. Enzi zake lilichemka kweli kweli. Watu waligombana kuhusu klachi kana kwamba wanagombea urithi. Sasa wengi walikuwa wamehamia kwenye makundi ya simu, na jukwaa limebaki kama uwanja baada ya mechi. Aliyekuwa bado anajibu ni mmoja tu, Spana Kumi, aliyejiita hivyo kwa sababu spana namba kumi ndiyo ambayo kila fundi huipoteza.

Mjane hakujua giaboksi inaanzia wapi wala klachi inaishia wapi. Spana Kumi akiuliza kitu, yeye alichimbua majibu ya zamani ya mumewe, akayanakili neno kwa neno, na mwishoni akaongeza kama alivyozoea marehemu: "Kaza taratibu." Kila alipoandika hivyo aliisikia sauti yake. Ndiyo maana hakuwahi kuutangaza msiba ule jukwaani. Alijua ni ujinga, na hakujali.

Spana Kumi naye alikuwa amebadilika. Zamani alikuwa na mdomo mchafu, haipiti siku bila kumwita mtu fundi wa baiskeli. Kisha akapotea kitambo, akarudi akisema alikuwa na mgonjwa nyumbani, na tangu hapo akawa mpole, mpaka anauliza, "Umekula lakini?" Mjane alidhani ni uzee umemtuliza. Mara nyingine majibu yake yalikuwa kama kitu alichokwisha kukisoma mahali, lakini wanaume wakishaanza habari za magari, si hurudia yale yale?

Mlango wa gereji ukagongwa. Aliingia shemeji yake, kaka wa marehemu, mwenye nyumba. Alilitazama gari ambalo marehemu aliliacha halijaisha: chesisi juu ya matofali, injini imeshafungwa, bodi nyekundu imeegemezwa ukutani ikila vumbi.

"Shemeji, nimevumilia vya kutosha," alisema. "Jumamosi watu wa vyuma chakavu wanakuja. Upate hata nafasi ya kushonea."

"Nipe muda kidogo. Kuna mtu atakuja kulimalizia."

"Mtu gani?"

"Rafiki yake. Wanajuana toka zamani."

"Mbona mazikoni sikumwona?"

Mjane aliinamia sare, akatunga uzi kwenye sindano. Shemeji alishusha pumzi, akaupapasa usukani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu kumwona mdogo wake ndani ya gari lile kila anapofungua mlango.

"Likiwaka kabla ya Jumamosi, wa kwanza kulipanda ni mimi," alisema. "Lisipowaka, basi tena."

Alipotoka, mjane aliivuta kompyuta. Safari hii hapakuwa na jibu la zamani la kunakili. Ilibidi aandike ya kwake.

"Spana, ndugu yangu, nimekwama. Gari langu linachukuliwa Jumamosi, linaenda kukatwakatwa. Limebaki nyaya na bodi tu. Wewe ndiye unayelijua, tumelijadili tangu mwanzo. Nakuomba uje unisaidie. Makreti yake yalifika mwezi ule ule nilipoolewa, siwezi kuliacha hivi hivi."

Akatuma. Kisha akasoma alichotuma.

Nilipoolewa. Injini Baridi, mwanamume mwenye ndevu zake pale kwenye picha, eti ameolewa! Herufi tatu tu za ziada, na amemzika mumewe mara ya pili.

Alikimbilia kitufe cha kufuta. Msimamizi alikuwa na uwezo huo. Lakini chini ya ujumbe maandishi madogo ya kijani yalikuwa yameshatokea: Spana Kumi amesoma.

Kisha yakabadilika: Spana Kumi anaandika. Yakapotea. Yakarudi. Yakapotea tena.

Mjane aliisubiri mvua ya matusi. Alistahili. Kamchezea mtu mzima kwa jina la maiti, na sasa huyo mtu ataondoka, na asubuhi hatakuwepo hata mmoja wa kusalimiwa. Machozi yalidondokea sare ya mtoto wa watu. Aliona bora aseme mwenyewe kuliko kuumbuliwa.

"Nisamehe," aliandika. "Mwenye jina alishafariki. Mimi ni mkewe. Majibu yote niliyokupa ni yake ya zamani. Jukwaa nitalifunga leo hii, na hutanisikia tena. Ila gari halina kosa. Njoo ulimalizie, hata kama mimi hutaki kuniona."

Maandishi ya kijani yalikaa sana safari hii. Nje, shemeji alisikika akiwaelekeza watu kwa simu namna ya kufika. Hatimaye jibu likaingia.

"Usilifunge, dada. Kuja ningekuja, lakini spana sijui hata kuishika. Mimi pia niliolewa."