Kazi ya Dalali Chiriku

Zama wanyama wakiuziana mashimo, Nungunungu mgane alikuwa akiuza lake. Kumpa dalali mihogo kumi hakutaka. Aliwatembeza wateja mwenyewe, na wakifika chumba ambamo mbalamwezi huingia, alianza kusimulia jinsi marehemu mkewe alivyokuwa akilala pale. Wateja walitoka wakinyata, kama wezi.

Mwishowe alimwita Chiriku, dalali mwenye maneno mengi.

“Mzee wangu,” alisema Chiriku, “nenda mtoni ukaoge.”

Aliporudi, Kicheche alikuwa ameshanunua.

“Umelisifiaje?”

“Sikufungua mdomo, mzee. Kazi ilikuwa kukutoa wewe.”

Nungunungu akampa mihogo yake kumi. Kisha, kwa mazoea, akainama aingie ndani. Chiriku akamzuia kwa bawa, taratibu. Hilo hakumtoza.