Dada Wema Anajibu Haraka

Asubuhi ile Zena alikuwa anafagia chumba cha kompyuta, ila macho yake yako mlangoni. Ufagio mkono huu, mkono wa pili unachapa herufi. Wenzake wa zamu walikuwa nje, wanaokota majani ya mikorosho na kusukumana.

"Dada Wema, kuna jambo nililokuficha. Aliyemvunja mwenzetu Ashiru mkono ni Mwalimu Amon. Alimpiga na mpini wa jembe kwa sababu Ashiru alimwaga ndoo ya maji aliyokuwa anampelekea nyumbani. Hakuanguka mkoroshoni, ni uongo. Mimi niliona. Jina langu naogopa kulitaja, nisamehe."

Akatuma. Akangoja.

Dada Wema alikuwa mtu wa Masasi, ndivyo Zena alivyoamini. Muhula uliopita walikuja wageni kutoka huko, wakabandika karatasi nje ya ofisi ya walimu: Una shida shuleni? Mwandikie Dada Wema. Walipoondoka, anwani ya barua pepe ikaongezwa chini yake kwa kalamu. Wiki moja nyuma Zena alijikaza akaandika mstari mmoja tu, kwamba ameona jambo baya na halali usiku. Hata pembe moja ya chumba hajamaliza kufagia, jibu likaingia.

"Pole sana, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili na machozi yamenitoka. Hauko peke yako. Mimi ni kama mama yako. Niambie kila kitu, na mimi nitakulinda."

Aliishika kichwani kama sala. Ni nani huyu, alijiuliza, anayemwandikia mtoto asiyemjua maneno mazuri hivi, tena upesi hivi?

Leo jibu halikuja. Kengele ikalia. Akafunga barua zake, akatoka, akarudi kuhakikisha kama kweli amezifunga, halafu akakimbilia mstarini.

Na kwa bahati yake mbaya, siku hiyo walikuwa na kipindi cha kompyuta. Cha Mwalimu Amon.

Mwalimu Amon alikuwa mtu wa kucheka. Hicho ndicho kilichomtisha Zena kuliko ukali wowote. Siku ile alipompiga Ashiru nyuma ya nyumba yake alicheka vilevile. Ashiru alikuwa chini, ndoo imelala pembeni, na ardhi nyekundu imeshakunywa maji yote waliyoyapandisha kutoka bondeni. Mwalimu alichuchumaa, akamfuta vumbi usoni taratibu.

"Umeanguka kwenye mkorosho. Sawa, baba? Na ukisahau, mkono una pacha wake."

Zena alikuwa nyuma ya tangi, ndoo yake kichwani.

"Shikamoo mwalimu!" darasa lilisimama.

"Marahaba. Kaeni. Leo nawafundisha uvivu."

Watu wakacheka. Devotha, aliyekaa naye benchi moja, akamsukuma kwa kiwiko. "We Zena, mbona unatetemeka kama kifaranga kilichonyeshewa? Malaria?"

"Njaa tu."

"Njaa gani ya kutoa jasho, mwenzangu?"

Mwalimu Amon alianza kupita katikati ya meza, mikono nyuma, anapiga mluzi. Akapita safu ya kwanza. Akapita ya pili. Alipofika nyuma ya Zena, mluzi ukakatika.

"Hebu nipishe kidogo, binti."

Mkono wake ukapita juu ya bega la Zena, ukashuka kwenye kibodi. Ile ile kompyuta ya asubuhi. Zena akafumba macho. Nilifunga? Nilifunga kweli?

Akasikia herufi zinabonyezwa. Akafumbua. Ukurasa wa barua ulikuwa mtupu, unaomba nywila.

"Mmeona? Huu ndio mlango wa kuingilia," Mwalimu Amon aliliambia darasa. "Asante, binti. Kaa wima, mgongo usije ukapinda."

Akaenda zake mbele. Zena akavuta pumzi mpaka Devotha akamgeukia tena.

Mwalimu akawasha projekta, ukuta ukawa mweupe. "Siku hizi mjanja hashiki mausi. Ukibonyeza C, barua mpya hiyo. R, unajibu. E, barua inaondoka mbele ya macho yako. Na kuna hii ya mwisho, ya watu wenye kazi nyingi."

"Kazi gani, mwalimu? Si unafundisha tu?" mmoja alichokoza kutoka nyuma.

"Weee! Mnafikiri nyie ndio watoto wangu peke yenu? Watu wananiandikia shida zao kila siku. Nikae niwajibu mmoja mmoja, chai nitakunywa saa ngapi?"

Darasa likaangua kicheko.

"Basi unaweka mstari huu wa kuinama, na neno moja. Kompyuta inamalizia yenyewe. Angalieni ukutani."

Akaandika: /pole

Akabonyeza. Ukuta ukajaa maneno mara moja.

"Pole sana, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili na machozi yamenitoka. Hauko peke yako. Mimi ni kama mama yako…"

"Mama weee!" Devotha alipiga kelele. "Neno moja tu!"

Darasa zima likapiga makofi, macho yote ukutani. Mwalimu Amon peke yake hakuutazama ukuta. Alisimama amewageukia wao, anatabasamu, anaikagua mikono yao safu kwa safu, akitafuta ambayo haipigi.

Mikono ya Zena ilikuwa bado mezani.