Waya Mfupi Kuliko Zote

Zainuni aliposikia kwamba gitaa la umeme halina sauti bila waya, roho yake ilitulia kidogo. Akamsindikiza mwanawe Hamdu dukani.

"Unapiga muziki gani?" muuzaji alimwuliza kijana.

"Ule wa mawimbi."

"Basi chukua hili. Ukibonyeza huu mkono wa chuma, sauti inayumba kama maji."

Hamdu akalijaribu kwa waya wa dukani. Sauti ikapanda, ikayumba, ikavunjika, na hata alipoondoa vidole iliendelea kurudi kutoka ukutani, kama mtu apigaye hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Zainuni akaiona nyumba yake mwenyewe siku Hamdu atakapoondoka.

"Hilo sawa," akasema. "Ila tupe waya mfupi kuliko zote."

Muuzaji akacheka. "Mama, kwani huyu ni mbuzi?"

"Mbuzi hukata kamba, baba. Wewe nipe."

Hamdu hakucheka. Jamani, mzazi na amtazame yule asiyecheka.

Jioni Hamdu alichomeka waya kwenye redio kubwa ya marehemu babake, akapiga hadi sufuria zikatetemeka. Zainuni akatoka kwa furaha kununua nazi.

Aliporudi, gitaa halikuwepo, wala viatu vya Hamdu mlangoni. Waya ulikuwa umelala mkekani, bado umechomekwa kwenye redio.

Akaiokota ncha yake. Redio ikanguruma. Akaiachia, redio ikanyamaza.

Akaishika tena.