Rangi Chini ya Kifuniko

"Ni wewe!" Wakili alifoka kabla hata shemeji yake hajamaliza kufunga mlango wa banda la gari. "Unajaza gesi ya kiyoyozi Jumamosi, Ijumaa haipo. Mara ya tatu hii! Nani mwingine kama si fundi?"

Mahakamani alikuwa wakili. Nyumbani alijipandisha cheo akawa hakimu.

Fundi, mume wa dada yake, aliweka chini sanduku la vifaa. Ni kweli alikuwa amepinga waziwazi, mezani, mbele ya wote, Baba asipelekwe kwenye nyumba ya wazee kule mbali. Daktari naye alikuwa ameandika: kwa moyo ule, mzee asisafirishwe kutwa nzima kwenye gari lisilo na kiyoyozi. Na nafasi ya Baba huko kwa wazee ingeshikiliwa mpaka kesho tu.

Baba mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya ukuta, mikono ndani ya mifuko ya koti.

"Mimi sina neno," alisema kwa upole. "Popote mtakaponiweka. Ila majokofu niliyotengeneza mimi miaka thelathini hayakuwahi kuvuja hivi."

"Umesikia?" Wakili akamgeukia fundi. "Hata mzee anakucheka."

Fundi akawasha taa ya zambarau. Jumamosi iliyopita, alipojaza, alikuwa ameitia gesi rangi maalumu. Popote inapotokea hung'aa kijani chini ya taa ile, na ikishika ngozi haitoki hata uoshe kwa sabuni mara saba. Akamulika kompresa: safi. Akamulika mabomba, maungio, kondensa: safi. Wakili alikuwa akihema nyuma ya shingo yake.

Kwenye vali ya kujazia gesi pakawaka kijani. Juu ya kifuniko chake, alama ya kidole.

"Hakuna kinachovuja," fundi alisema taratibu. "Kuna mtu anafungua hapa na kuitoa."

"Leta mikono."

"Shemeji, siku ile nilivaa glavu."

"Leta mikono, nimesema!"

Akamkaba ukosi, akambamiza ubavuni mwa gari. Mikono ya fundi ikaangukia kwenye mwanga, myeusi kwa grisi, bila hata tone la kijani.

"Umeisugua, mnafiki mkubwa! Sasa sikiliza. Unajaza gesi leo hii, nami nalala humu humu kuilinda. Baba anaondoka kesho alfajiri, na wewe usikanyage tena kwangu."

Fundi akafungua kinywa kujibu. Wakili akainua ngumi.

Ngumi haikufika. Baba alikuwa ameinuka kigodani, amemdaka mwanawe kifundo cha mkono kwa nguvu zote zilizombakia.

"Mwache, mwanangu," alisema. "Mwache mwenzio."

Taa ilikuwa bado inawaka. Vidole vitatu vya mzee viling'aa kijani mpaka kwenye kucha.