Sauti Yenye Mafua

Hakimu alibonyeza simu, na sauti ya Bi Mwanaidi ikajaa mahakamani: "Kiwanja changu nimemuuzia kaka yangu Shekue, kwa hiari yangu."

"Sijasema hayo mimi!" alimaka Bi Mwanaidi. "Ni mashine imeniiga!"

"Huenda, mama. Lakini sauti tunaikubali kama sahihi ya mkono. Sheria ya mashine bado haijatungwa."

Sauti ile ilikuwa na mafua. Mwaka ule Bi Mwanaidi alishikwa na mafua mara moja tu, siku zile Shekue alipolazwa hospitali, naye akimrekodia dua kila asubuhi na kumtumia kwa simu.

Akamgeukia kaka yake. Shekue alikuwa akitazama viatu vyake.

Karani akamsogezea kinasa sauti. "Jibu, mama. Sauti ni yako au si yako?"

Bi Mwanaidi akakitazama kinasa sauti kile, akajiziba kinywa kwa upindo wa kanga.