Jiko la Saruji

Mji mzima hakuna aliyepika maharage kumshinda Sista Skolastika. Aliyekuwa akisema hivyo ni yeye mwenyewe. Watawa wenzake walikula wamefumba macho, na si kwa sala.

Siku hiyo alisimama mlangoni pa jiko, mikono kiunoni, amemzibia njia msanifu aliyeichora nyumba yao ya saruji tupu. Madirisha aliyaweka juu kabisa, karibu na dari, ili macho ya watawa yasitangetange nje. Kweli hayakutangatanga, yalitoka machozi tu, maana moshi nao haukupata pa kutokea.

"Sista, kile kibanda cha mabati kinanichafulia jengo. Nakibomoa leo."

"Kile cha kuku? Kuku watalala kwako?"

"Na ninyi mnapikia wapi?"

"Si humu! Jikoni mwako, bwana mkubwa. Tunakuombea kila siku."

"Nipishe."

"Sakafu imelowa, utateleza."

Msanifu akampiga kikumbo, akausukuma mlango. Ndani ya sinki, juu ya majani makavu, kuku mwekundu alikuwa ameatamia mayai. Akainua shingo, akamkodolea macho kama mwenye nyumba aliyeingiliwa bila hodi.

Msanifu akageuka polepole. Sista Skolastika alikuwa akiutazama moshi uliokuwa ukipanda kutoka kwenye kibanda cha kuku.