Bakuli la Bi Mwatime

Tangu Bunge lirekebishe sheria ya Mfuko wa Tabianchi, nyumba ilikuwa haipati maji ya mgawo mpaka imtaje jirani anayepikia mkaa. Nasra alimtaja Bi Mwatime, mkunga aliyewapokea wanawe wote. Ijumaa asubuhi maofisa wakaja kulichukua jiko la bibi wa watu.

Adhuhuri Bi Mwatime akabisha hodi, mkononi bakuli lake la kila Ijumaa.

"Leo kachumbari tu, mwanangu. Jiko wamelibeba. Wanao wamepata maji?"

"Wamepata, bibi." Uso ulimshuka Nasra.

"Alhamdulillahi. Mimi nimekosa wa kumtaja."

Bakuli la jirani halirudishwi tupu. Nasra alihangaika nyumba nzima akitafuta cha kulitia, na alichokuwa nacho tele ni maji.